Kupata programu mpya kwenye Debian 12: njia ipi kwa kazi ipi

Debian 12, toleo la mfumo endeshi wa Debian (aina ya Linux) ambalo wengi tunalijua kwa jina la bookworm, lilitoka tarehe 10 Juni 2023, na tangu siku hiyo programu zilizomo zimebaki na namba zilezile kwa makusudi: Python 3.11, PostgreSQL 15, PHP 8.2, LibreOffice 7.4 na kerneli (kiini cha mfumo) 6.1. Debian 13 ilifuata tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na Python 3.13, PostgreSQL 17, PHP 8.4 na kerneli 6.12. Wapo wengi, hata hivyo, wenye sababu nzuri za kubaki walipo: seva inayohudumia watu kila siku na haijapata usiku wa kusimama, maabara ya shule ambayo haifungwi muhula ukiendelea, au kompyuta kuukuu ya biti 32 ambayo Debian 13 haitoi tena kerneli wala kisakinishi kwa ajili yake. Kisha siku moja msanidi wa mfumo anasema kazi yake haiendi bila PHP 8.3, au mwalimu analeta waraka unaovurugika kila ukifunguliwa na LibreOffice ya zamani, na hapo ndipo swali la njia linapozuka.

Njia zipo nyingi, na kila moja ina watetezi wake. Mimi nazipima kwanza kwa swali moja: baada ya leo, ni nani atakayeniletea viraka vya usalama vya programu hii, na vitanifikiaje? Toleo jipya ambalo halina mtu wa kulitunza linageuka kuwa toleo la zamani baada ya miezi michache tu, tena bila kinga ambayo Debian ilikuwa ikikupa. Baada ya hapo natazama njia inagusa kiasi gani msingi wa mfumo, hasa maktaba ya glibc inayotegemewa na karibu kila kitu, na mwisho natazama itakula bando kiasi gani.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba unahitaji toleo jipya kweli. Namba ya zamani si ushahidi wa tundu la usalama. Ukitazama git ya Debian 12 utakuta namba kama 2.39.5-0+deb12u2, na kile kipande cha mwisho kinakuambia kwamba toleo hilo limekwisha kutiwa viraka ndani ya Debian 12 yenyewe, bila kubadilishwa tabia yake. Mkaguzi anayesoma 2.39 peke yake na kuandika kwamba seva iko hatarini amesoma nusu ya namba. Unapohitaji uwezo mpya ambao toleo la zamani halina, au kifaa kipya ambacho kerneli ya zamani haikitambui, hapo una haja ya kweli.

Backports na hazina ya mwenye programu

Hizi ndizo njia mbili zinazopita kwenye apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, na ndizo zinazostahili kulinganishwa kwa makini zaidi, kwa sababu kwa juu zinafanana: unaongeza hazina, au repo kama wengi tunavyoiita, kisha unasakinisha kama kawaida.

Backports ni hazina ya Debian yenyewe. Watunzaji wake huchukua kifurushi kutoka toleo linalofuata la Debian na kukikompaili upya (kukijenga kutoka msimbo chanzo) juu ya maktaba za Debian 12, kwa hiyo unapata programu mpya huku glibc yako ikibaki 2.36 ileile. Mstari wa kuongeza ni mmoja:

`deb http://deb.debian.org/debian bookworm-backports main`

Uzuri wake mkubwa hauonekani mpaka uandike `apt policy libreoffice`. Utaona toleo la 7.4 likiwa na kipaumbele cha 500, na lile la backports likiwa na 100. Maana yake ni kwamba kuiongeza hazina hii peke yake hakubadilishi chochote kwenye mashine yako. Apt itaendelea kuchagua toleo la kawaida mpaka wewe mwenyewe utamke `apt install -t bookworm-backports libreoffice`. Ukishalichukua toleo la backports, apt italisasisha kutoka hukohuko bila kugusa jirani zake. Sijui mpangilio mwingine wa apt unaomheshimu msimamizi wa mfumo kiasi hiki.

Upungufu wake ni mambo matatu. Kwanza, si kila programu imo, kwani kifurushi huingia pale tu mtunzaji wake anapojitolea kukileta. Pili, timu ya usalama ya Debian haisimamii backports; viraka huletwa na mtunzaji yuleyule aliyekileta kifurushi, na huenda vikachelewa. Tatu, mlango huu una siku ya kufungwa: distro (mfumo wa Linux kama Debian) inapotoka kwenye uangalizi wa kawaida na kuingia kipindi cha LTS, yaani uangalizi wa muda mrefu, backports zake husimama na baadaye kuhamishiwa kwenye kumbukumbu, kama ilivyokuwa kwa Debian 11. Kwa Debian 12 uangalizi wa kawaida ni hadi Juni 2026, na LTS hadi Juni 2028. Anayepanga kukaa kwenye 12 hadi mwisho wa LTS asizitegemee backports kwa safari yote.

Hazina ya mwenye programu ni jambo jingine. Hapa wanaoitunza programu, au mtu aliye karibu nao, hutengeneza vifurushi vya Debian na kuviweka kwenye seva yao. Mfano bora ninaoujua ni hazina ya mradi wa PostgreSQL, apt.postgresql.org, ambayo hutoa matoleo yote yanayotunzwa kwa wakati mmoja, na kila toleo kubwa la PostgreSQL hutunzwa kwa miaka 5. Debian 12 ina hata skripti ya kukuandalia hazina hiyo, iliyomo ndani ya kifurushi cha postgresql-common. Kwa upande wa PHP, hazina ya Ondřej Surý, ambaye ndiye pia amekuwa akiitunza PHP ndani ya Debian, hukuwezesha kuwa na 8.2 na 8.3 kwenye mashine moja.

Tazama kinachotokea ukisakinisha postgresql-17 kutoka hazina hiyo huku 15 ikiendelea kufanya kazi. Toleo la 15 linabaki kwenye mlango (port) wa 5432 na data yake yote. Toleo la 17 linaanzishiwa hifadhi yake tupu kwenye mlango wa 5433. Amri ya `pg_lsclusters` itakuonyesha zote mbili, mstari juu ya mstari. Unapokuwa tayari, na baada ya kuchukua nakala rudufu, unaifuta ile hifadhi tupu kwa `pg_dropcluster 17 main --stop`, kisha `pg_upgradecluster 15 main` inahamisha data kwenda 17 na kukuachia ile ya 15 mpaka utakapoamua kuifuta. Huu ni uhamisho unaoweza kuufanya usiku na kurudi nyuma kabla ya alfajiri ukikwama, na kwa hifadhidata ya watu sitaki chini ya hapo.

Kwa swali la viraka, hazina nzuri ya mwenye programu huishinda backports, kwa sababu marekebisho hutoka kwa wenyewe siku ileile yanapotangazwa. Kwa swali la msingi wa mfumo, inashindwa. Kipaumbele chake ni 500 sawa na cha Debian, kwa hiyo kikitokea humo kifurushi chenye jina la kifurushi cha Debian na namba kubwa zaidi, apt itakipandisha bila kukuuliza, na zipo hazina zinazobeba maktaba zao pamoja na programu. Zaidi ya hayo, kila kifurushi kinaposakinishwa huendesha skripti zake kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwa hiyo unamkabidhi mwenye hazina funguo za nyumba nzima hata kama umemwita kutengeneza bomba la jikoni. Weka ufunguo wake wa sahihi ndani ya /etc/apt/keyrings na uufunge na hazina hiyo peke yake kwa `signed-by`. Ile desturi ya kuumwaga kwa `apt-key` iliufanya uaminike kwa hazina zote, na imeshaachwa. Kisha tumia faili la preferences kuishusha hazina hiyo hadi 100 na kuruhusu vile vifurushi unavyovihitaji tu.

Kwa kifupi cha hapa: kerneli, LibreOffice na zana za kawaida, nenda backports; hifadhidata au lugha ambayo biashara nzima inaitegemea, nenda kwa mwenyewe, mradi awe mradi unaojulikana na wenye historia.

Njia ninayoikataa

Ipo njia ya tatu ya apt, nayo ni kuongeza mstari wa Debian 13 au wa testing (tawi la majaribio la Debian) kwenye mashine ya Debian 12 na kuchukua kifurushi kimoja. Waandishi wa Debian wenyewe wanaionya vikali, na jina la kebehi walilolipa zao lake, FrankenDebian, linajulikana. Kifurushi kimoja kutoka huko huomba glibc ya 2.41, glibc huvuta vingine, na kati ya 12 na 13 majina ya maktaba nyingi yalibadilishwa wakati wa kuhamia saa ya biti 64, kiasi kwamba mnyororo unakuwa mrefu kuliko ulivyokuwa kwa matoleo ya nyuma.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kulifanya. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyokuwa nikiitunzia kompyuta, niliongeza mstari wa testing kwa ajili ya programu moja tu ya ramani. Apt ikanionyesha orodha ndefu ya vifurushi vitakavyopandishwa, libc6 (kifurushi cha glibc) ikiwa miongoni mwao, na juu yake orodha fupi ya vile vitakavyoondolewa. Ile fupi sikuisoma, nikabonyeza Y. Kesho yake mhasibu akakuta printa haichapishi, kwa kuwa kifurushi cha printa hiyo kilikuwa ndani ya ile orodha fupi. Kurudi nyuma hakukuwezekana, maana Debian haina utaratibu wa kushusha matoleo, na nilitumia siku mbili kusakinisha upya mashine ambayo haikuwa na kosa lolote.

Flatpak, Snap na AppImage

Hizi huiacha apt kando kabisa. Programu huja na maktaba zake, haiulizi glibc yako ni ya mwaka gani, na ikiharibika unaifuta bila mfumo kutikisika. Zinafaa kwa programu zenye dirisha: GIMP, LibreOffice, vihariri vya video, vivinjari. Kwa seva sizipendekezi isipokuwa kwa sababu maalumu.

Flatpak, kupitia hazina ya Flathub, ndiyo ninayoichagua kati ya hizi tatu. Programu ya kwanza itakugharimu, kwa sababu inashuka pamoja na tabaka la msingi lenye mamia ya megabaiti. Programu ya pili na ya tatu zinazotumia tabaka hilohilo ni nafuu zaidi, na masasisho hushusha vile vipande vilivyobadilika. Kila programu imewekewa uzio, na uzio huo ndio chanzo cha malalamiko mengi: mtu anafungua faili lililo kwenye diski ya pili na programu inasema halipo, kumbe haijaruhusiwa kuitazama diski hiyo. Ruhusa hurekebishwa kwa amri ya `flatpak override` au kwa programu ndogo ya Flatseal. Viraka huletwa na anayeiweka programu Flathub; baadhi ni wenye programu wenyewe na wengine ni watu wa kujitolea, na ukurasa wa programu huonyesha iliyothibitishwa na mwenyewe.

Kwa sisi tunaopima mtandao kwa bando, Flatpak ina uwezo ambao sioni ukitajwa vya kutosha. Baada ya kuitambulisha hazina kwa `flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub`, unaweza kuipakia programu iliyokwisha kusakinishwa, pamoja na tabaka lake la msingi, kwenye flashi:

`flatpak create-usb /media/flashi org.libreoffice.LibreOffice`

Kompyuta nyingine, ambazo nazo zimetambulishwa Flathub kwa namna hiyohiyo, huisakinisha kutoka flashi kwa kutumia `--sideload-repo`. Maabara ya kompyuta 20 inahitaji kushusha mara moja tu. Haki ya apt nayo isisahaulike: ukiweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja ya mtandao wa ndani, inayosikiliza mlango wa 3142, kila kifurushi cha backports kitashushwa mara moja na kugawiwa kwa wote, hata masasisho ya kila wiki. Kwa kompyuta nyingi zilizo chumba kimoja, njia hii ya apt bado inaishinda Flatpak kwa wepesi.

Snap, ya kampuni ya Canonical, hufanya karibu kazi ileile na inatumika hata kwa programu za seva. Tatizo langu nayo ni kwamba hujisasisha yenyewe, na kwa kawaida hukagua masasisho mara 4 kwa siku. Kwa mwenye mtandao wa mkonga nyumbani hiyo ni kinga nzuri. Kwa aliyewasha mtandao wa simu ili atume barua moja, ni bando linaloyeyuka bila yeye kujua. Inawezekana kuizuia kwa `snap refresh --hold`, lakini anayeizuia abebe jukumu la kuikumbuka. Duka lake pia ni moja tu, linaloendeshwa na Canonical.

AppImage ni faili moja unalolipa ruhusa ya kuendeshwa na kulibofya. Ni nzuri kwa kujaribu, na hubebeka kirahisi. Lakini haina mtu wa kuisasisha isipokuwa wewe, na ile ahadi ya kuendeshwa popote huvunjika pale aliyeitengeneza alipotumia distro mpya kuliko yako: ukiona ujumbe unaolalamika kwamba GLIBC_2.38 haipo, hilo ndilo lililotokea, na hakuna dawa zaidi ya kutafuta toleo lililojengwa juu ya msingi wa zamani.

Kontena, na kukompaili mwenyewe

Kwa zana za wasanidi programu, ushauri wangu umebadilika. Zamani ningekuambia ukompaili; leo nakuambia tumia kontena, yaani mfumo mdogo unaoendeshwa ndani ya mashine yako, na Distrobox, ambayo imo ndani ya Debian 12 pamoja na Podman inayoendesha kontena hizo, imelifanya jambo hili kuwa jepesi mno. Amri ya `distrobox create --name trixie --image debian:13`, ikifuatiwa na `distrobox enter trixie`, inakuweka ndani ya Debian 13 kamili yenye Python 3.13, huku folda yako ya nyumbani ikiwa ileile na mashine yako ikibaki Debian 12. Ndani ya kontena viraka huletwa na Debian kwa apt, kwa hiyo lile swali langu la kwanza linapata jibu zuri, mradi ukumbuke kuingia na kusasisha. Usiichukulie kama uzio wa usalama, kwani folda yako ya nyumbani iko wazi humo. Na kerneli inabaki ya mashine yako.

Hilo la mwisho ndilo linaloamua jambo moja kabisa: kama shida yako ni kadi mpya ya Wi-Fi au ya michoro isiyotambuliwa, si kontena wala Flatpak itakayokusaidia. Chukua linux-image-amd64 na vifurushi vya firmware kutoka backports. Kerneli ya zamani haiondoki. Itabaki kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua kerneli kompyuta inapowaka), na ikiwa mpya inagoma unawasha upya na kuichagua ile uliyoizoea.

Kukompaili kutoka msimbo chanzo hukupa toleo lolote unalolitaka, na kwa kompyuta ya biti 32 mara nyingi ndiyo njia pekee inayobaki, kwa kuwa Flathub haihudumii tena mashine hizo. Lakini swali la viraka linapata jibu baya kuliko yote: ni wewe, peke yako, kila mara. Ukilazimika, usimwage mafaili ndani ya /usr/local bila mpango, kwa sababu Debian huitafuta /usr/local/lib kabla ya maktaba zake, na maktaba moja uliyoisahau humo inaweza kuvuruga programu usiyoihusisha nayo. Tumia `--prefix=/opt/` na jina la programu, ili kuiondoa kuwe ni kufuta folda moja. Bora zaidi ni kuchukua msimbo wa kifurushi cha Debian 13 kwa `apt source` na kukijenga upya juu ya Debian 12 kwa `dpkg-buildpackage`. Hapo unapata faili la .deb ambalo apt inalijua na inaweza kuliondoa. Kama programu yako ni ya Python, usishindane na katazo ambalo pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) hulitoa kwenye Debian 12 kwa kutumia `--break-system-packages`. Tengeneza mazingira ya pembeni kwa `python3 -m venv`, au tumia pipx, na Python ya mfumo itabaki salama.

Pale ambapo jibu ni kuhama

Ikiwa kitu kimoja au viwili tu ndivyo vinavyokusumbua, mojawapo ya njia hizi inatosha. Ukijikuta una hazina nne za nje, kerneli ya backports na nusu ya programu kutoka Flathub, umeshajenga distro yako mwenyewe ambayo hakuna mwingine anayeijua wala kuijaribu, na gigabaiti moja au mbili za kupandisha Debian 12 hadi 13 ni nafuu kuliko kuitunza. Anayetoka 11 apite kwanza 12, kwani kuruka toleo hakukubaliwi.

Ili kujua umefika wapi, Debian 12 ina amri inayoorodhesha kila kifurushi kilichomo kwenye mashine ambacho hakikutoka Debian:

`apt list '?narrow(?installed, ?not(?origin(Debian)))'`

Iendeshe leo, hata kama huna mpango wa kuhama mwaka huu. Kwa kila mstari utakaouona, andika pembeni unatoka hazina gani na nani anautunza. Mistari itakayokosa jina ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, na siku ya kuhama itakapofika, hazina hizo zote zizimwe kabla hujaandika `apt full-upgrade`.